Utafiti wa sheria: Wingi wa makala si kipimo

Kila mwaka wahadhiri wa sheria katika vyuo vikuu huandika makala na vitabu, na kazi hizo huwasaidia kupanda vyeo. Hata hivyo, wingi wa maandishi hauonyeshi kama hoja zilizomo ni nzuri, wala kama kuna mtu nje ya chuo aliyenufaika nazo.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zilizojaribu kupima mambo hayo mawili kwa utaratibu rasmi. Tathmini yake ya kwanza ya kitaifa ya utafiti wa vyuo vikuu ilifanyika mwaka 1986. Kuanzia ile ya mwaka 2014, vyuo vilitakiwa pia kuonyesha manufaa ya utafiti kwa jamii. Matokeo hutumika katika kugawa fedha za umma za utafiti.

Katika tathmini ya mwaka 2021, maandishi ya watafiti yalibeba asilimia 60 ya alama, manufaa kwa jamii asilimia 25 na mazingira ya utafiti asilimia 15. Jopo la sheria lilisoma kazi zenyewe na kuzipima kwa upya wa hoja, uzito wake na umakini wa mbinu. Sifa ya jarida lililochapisha makala haikuruhusiwa kuwa kigezo.

Kwa upande wa manufaa, haikutosha kudai kwamba utafiti una ushawishi. Chuo kilipaswa kuonyesha utafiti uliofanyika, mabadiliko yaliyotokea nje ya taaluma, na ushahidi unaounganisha mambo hayo. Ushahidi huo unaweza kuwa hukumu iliyonukuu kazi husika, taarifa ya kamati ya Bunge au mwongozo mpya wa polisi.

Ugumu ni kwamba sheria hutungwa na watu wengi. Jaji anaweza kuikubali hoja bila kumtaja aliyeianzisha, na serikali inaweza kukataa ushauri mzuri kwa sababu za kisiasa.

Tanzania inao mfano unaofaa kutafakariwa. Mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi na kumteua Profesa Issa Shivji, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa mwenyekiti. Tume ilizunguka mikoani kusikiliza wananchi na kukamilisha taarifa yake mwaka 1992.

Pendekezo lake kubwa lilikuwa kuondoa mamlaka ya juu ya ardhi mikononi mwa serikali. Ardhi ya vijiji ingekuwa chini ya mikutano mikuu ya vijiji, na ardhi nyingine chini ya chombo huru cha taifa.

Serikali haikulikubali. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ziliendelea kuiweka ardhi yote chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Kwa kipimo cha idadi ya vifungu vilivyobadilishwa, kazi hiyo ingepata alama ndogo katika pendekezo lake kuu. Lakini swali ililoliibua, kwamba nani awe na neno la mwisho mwanakijiji anapotakiwa kumpisha mwekezaji, lingali linaulizwa, na wanaoujadili mgogoro wa ardhi nchini wanaendelea kuirejea taarifa hiyo.

Funzo lililopo ni kutochanganya ubora na manufaa. Utafiti bora unaweza kukataliwa, na ulio dhaifu unaweza kupokelewa haraka kwa kuwa unawafurahisha wenye mamlaka. Chuo kinachowatuza wasomi kwa sheria zilizobadilika pekee kinaweza kuwafundisha kupendekeza yale tu yatakayokubaliwa.

Anayetoa fedha za utafiti hana budi kuuliza maswali mawili, kila moja kwa wakati wake: Je, hoja inasimama ikisomwa na wajuzi wasio na maslahi nayo? Je, imemfikia nani, na kuna ushahidi gani? Jibu la swali la pili huenda likachukua miaka mingi.