Saratani ya mfupa: Mbwa akikatwa mguu, kazi ndiyo kwanza inaanza

Na Mwandishi Wetu

MBWA mkubwa wa ulinzi anapoanza kuchechemea, wakazi wengi wa mijini hudhani ameteguka alipokuwa akiruka ukuta, au amepigwa jiwe na mpita njia. Huchuliwa, hupewa dawa ya maumivu iliyobaki kabatini, na siku husonga. Wiki kadhaa baadaye uvimbe mgumu hujitokeza, na ndipo picha ya eksirei inapoonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mfupa unaliwa na saratani.

Ushauri anaopewa mwenye mbwa mara nyingi humshtua kuliko ugonjwa wenyewe. Huambiwa kwamba mguu ukatwe. Akishakubali, na mnyama akarejea nyumbani na miguu mitatu, familia hushusha pumzi ikiamini kwamba balaa limeondoka pamoja na mguu.

Ukweli ni tofauti. Kukata mguu huondoa maumivu, lakini peke yake hakuondoi saratani mwilini. Familia inayoujua ukweli huo mapema ndiyo inayoweza kumsaidia mnyama wake kuishi vizuri muda aliobakiwa nao.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa huitwa osteosakoma. Ndio unaoongoza miongoni mwa saratani zinazoanzia katika mifupa ya mbwa, ukichukua takribani asilimia 85 ya uvimbe wa aina hiyo. Huwapata zaidi mbwa wenye maumbo makubwa, kama vile Rottweiler, Great Dane, Saint Bernard na German Shepherd, na wengi wao huwa wametimiza umri wa miaka saba hivi au zaidi. Baadhi ya aina hizo ndizo zinazopendwa na wenye nyumba mijini kwa ajili ya ulinzi.

Kwa kawaida uvimbe huota miguuni, hasa juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele, karibu na bega, au kuzunguka goti la mguu wa nyuma. Mfupa uliodhoofishwa na ugonjwa huuma usiku na mchana, na unaweza kuvunjika kwa kuruka ngazi moja tu. Dawa za kutuliza maumivu husaidia kwa muda, kisha hushindwa. Hiyo ndiyo sababu ya madaktari wa mifugo kupendekeza mguu uondolewe: chanzo cha maumivu huondoka siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba saratani hii husafiri mapema. Siku ugonjwa unapogunduliwa, picha za kifua huonyesha uvimbe mapafuni kwa mbwa wasiofikia asilimia 15. Hata hivyo, wataalamu wanakadiria kwamba takribani asilimia 90 huwa tayari wana seli za saratani zilizokwishasambaa, ila ni ndogo mno kuonekana katika picha. Seli hizo hubaki mwilini hata baada ya mguu kuondolewa.

Takwimu za tiba zinaeleza hali hiyo bila kuficha. Kwa mbwa waliokatwa mguu bila kupewa tiba nyingine, nusu hufariki dunia ndani ya miezi minne hadi mitano, na ni takribani mmoja kati ya kumi anayevuka mwaka. Wanapoongezewa tiba ya kemikali, nusu yao hufikia miezi 10 hadi 12, na mmoja kati ya watano hivi hufikia miaka miwili. Kwa hiyo tiba hununua muda. Wanaopona kabisa ni wachache.

Je, mbwa huweza kuishi na miguu mitatu? Hilo ndilo swali la kwanza la kila mwenye mbwa, na jibu lake huwa la kutia moyo. Wengi husimama na kutembea siku moja au mbili baada ya upasuaji, na huzoea hali mpya katika muda wa mwezi mmoja hivi. Mnyama hana aibu ya kuonekana kilema wala halinganishi jana na leo. Huzuni ya mguu uliopotea huwa zaidi ya binadamu kuliko yake.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2015, ukihusu mbwa 64 waliokatwa mguu kwa sababu mbalimbali, ulibaini kuwa wamiliki 55, sawa na asilimia 86, wangefanya uamuzi uleule kama wangetakiwa kuamua tena. Pamoja na hayo, si kila mbwa anafaa kwa upasuaji huo. Mwenye uzito uliopindukia, mwenye ugonjwa mkubwa wa viungo katika miguu iliyobaki, au mwenye matatizo ya uti wa mgongo anaweza kushindwa kuubeba mwili wake. Ni lazima daktari amchunguze kwanza.

Majuma mawili ya mwanzo ndiyo magumu. Mshono huvimba na ngozi hupata weusi wa damu iliyovilia, jambo la kawaida linalopungua siku hadi siku. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kabla ya hapo mbwa azuiwe kulamba kidonda kwa kuvalishwa kola ya plastiki yenye umbo la faneli. Kidonda kikitoa usaha, kikinuka au kikiachia, arudishwe kwa daktari bila kusubiri.

Adui mkubwa katika siku hizo ni sakafu. Nyumba nyingi za mijini zimetandikwa vigae au terazo, na mbwa wa miguu mitatu huteleza juu yake kama mtu anayetembea kwenye utelezi wa matope. Kila anapoanguka hupoteza ujasiri, na anaweza kuumia. Mikeka, mazulia yasiyosogea au vipande vya mpira vikitandikwa katika njia anazopita, tofauti huonekana mara moja.

Taulo refu likipitishwa chini ya tumbo humsaidia aliyepoteza mguu wa nyuma kuinuka na kwenda haja. Aliyepoteza mguu wa mbele hupata shida zaidi mwanzoni, kwa kuwa miguu ya mbele hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wa mwili. Yeye hushikiliwa kwa mkanda wa kifuani. Kamba ya shingoni haifai, maana akiteleza humkaba.

Kuhusu maumivu, kosa kubwa ni kumpa mbwa dawa za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli kwa kipimo cha mtu mzima inaweza kumuua. Zipo dawa za kundi hilo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu, lakini mbili za namna hiyo hazichanganywi. Baadhi ya mbwa hulia ghafla au kugeuka kutazama mahali palipokuwa na mguu. Hayo huweza kuwa maumivu ya mishipa ya fahamu iliyokatwa, na yana dawa yake. Mwenye mbwa amweleze daktari badala ya kudhani mnyama anadeka.

Mshono ukishapona huanza hatua ya pili, yaani tiba ya kemikali. Dawa inayotumika sana ni kaboplatini, ambayo hutolewa kwa njia ya mshipa kila baada ya wiki tatu, mara nne hadi sita. Doksorubisini na sisplatini nazo hutumika. Si kila kliniki ya mifugo ina dawa hizo au vifaa vya kuzitoa kwa usalama, hivyo ni busara kuuliza juu ya upatikanaji na gharama zake kabla ya upasuaji.

Wengi huogopa wakikumbuka hali za ndugu zao waliowahi kupata tiba hiyo. Kwa mbwa, vipimo vya dawa hupangwa kwa makusudi viwe vyepesi, kwa kuwa shabaha ni kuongeza siku zenye raha. Wengi hawanyonyoki manyoya, isipokuwa aina ambazo manyoya yao hayaachi kukua, mfano Poodle. Wengine hutapika, huharisha au hukataa chakula kwa siku moja au mbili, na zipo dawa za kuzuia hayo.

Hatari inayohitaji macho makali ni kupungua kwa chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa kawaida hushuka siku ya saba hadi ya 14 baada ya dozi, ingawa kwa kaboplatini zinaweza kuchelewa zaidi. Katika kipindi hicho hata maambukizi madogo huweza kugeuka janga. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Likipanda hadi 39.5 na mnyama akawa amelegea, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kipimajoto cha bei ndogo ni kifaa cha lazima katika nyumba hiyo. Nyama mbichi na makombo yaliyolala yaepukwe.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki lipo jambo jingine ambalo halipaswi kusahauliwa: kupe. Magonjwa yaenezwayo na kupe hushusha chembe za damu, zikiwamo zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa za saratani hufanya vivyo hivyo. Mbwa mwenye maradhi hayo akichomwa kemikali hupata pigo maradufu. Kwa sababu hiyo damu yake ipimwe kabla ya kila dozi, na dawa ya kuzuia kupe isikosekane.

Usalama wa watu nao uzingatiwe. Kwa siku tatu hivi baada ya dozi, mkojo, kinyesi na matapishi ya mbwa huweza kuwa na mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glovu na kumwaga maji mengi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasihusike kabisa. Kwa kuwa katika nyumba nyingi kazi hiyo hufanywa na mfanyakazi wa nyumbani, ni wajibu wa mwajiri kumweleza wazi hatari iliyopo na kumpa vifaa. Kumficha ni kumdhulumu.

Chakula nacho kina nafasi yake. Kila kilo ya ziada hubebwa na miguu mitatu badala ya minne. Mbwa anayejazwa ugali huku akifanya mazoezi kidogo hunenepa upesi, na viungo vyake huchoka. Apewe chakula chenye protini ya kutosha kwa kiasi kinachopimwa, na atembezwe mara kadhaa kwa siku kwa vipindi vifupi. Kazi ya ulinzi ya kukimbiza watu ikome. Kubweka anaweza, na kwa walio wengi hilo halipungui.

Kila baada ya miezi miwili au mitatu kifua hupigwa picha kuona kama ugonjwa umefika mapafuni. Kikohozi, kupumua kwa shida, kuchechemea kwa mguu mwingine au kukonda ni dalili za kutopuuzwa. Zinapothibitika, tiba huelekezwa katika kumpunguzia mateso.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa kuwa kila mmoja humwona mbwa kwa jicho lake. Dk. Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, aliweka mwaka 2004 kipimo kinachosaidia kuamua. Kinatazama mambo saba: maumivu, hamu ya chakula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na iwapo siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama sifuri hadi 10, na jumla inayozidi 35 huonyesha kwamba maisha bado yanavumilika. Zaidi ya alama, kipimo hicho huifanya familia izungumze. Siku alama zinapoporomoka na kutopanda tena, kumwomba daktari ampumzishe mnyama bila maumivu ni sehemu ya matunzo yaleyale yaliyoanza siku ya upasuaji.

Wapo watakaouliza faida ya jitihada zote hizo kwa mnyama. Jibu mojawapo ni kwamba osteosakoma huwashambulia pia binadamu, hasa watoto na vijana walio katika umri wa kurefuka, na hufanana sana na ile ya mbwa. Mbinu za kuondoa uvimbe na kuuokoa mguu zilifanyiwa kazi kwa mbwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, chini ya Dk. Stephen Withrow, na zikawanufaisha madaktari wa watoto. Dawa ya mifamatidi, iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 kwa ajili ya watoto na vijana wenye saratani hiyo, nayo ilijaribiwa kwanza kwa mbwa waliokatwa mguu.

Jibu jingine liko getini. Mnyama aliyekesha miaka saba akilinda usingizi wa watoto wa nyumba ile hajui idadi ya miezi aliyobakiwa nayo. Anachokijua ni kama leo anaumwa, kama leo amekula, na kama mtu wake amerudi kutoka kazini. Mambo hayo matatu yako ndani ya uwezo wa aliye naye.