Urithi, Kumbukumbu za Familia na Uchoraji Dhahania: Mazingatio ya Kisera kutoka Bujumbura

Uchoraji dhahania, yaani uchoraji usiosawiri sura ya mtu wala kitu, huchukuliwa mara nyingi kuwa zao la Ulaya. Makala haya yanaeleza kwa nini dai hilo halina mashiko nchini Burundi. Agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, hupambwa kwa pembetatu na mistari ya mshazari, na ufundi huo hurithishwa na mama kwa binti. Jirani, nchini Rwanda, michoro ya imigongo hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha hutiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mchoraji wa Bujumbura anayechota katika hazina hiyo haigi ugenini. Anaendeleza lugha ya nyumbani.

Lugha hiyo ina uzito wa pekee katika nchi ambayo familia nyingi zilipoteza jamaa katika mauaji ya 1972 na ya 1993. Huko Lubumbashi, katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alisimulia historia ya Kongo kwa picha zenye sura na majina. Picha ya namna hiyo hushuhudia waziwazi, lakini humtaka msanii aoneshe nani alitenda na nani alitendwa. Umbo dhahania hubeba msiba bila kuhukumu. Hata hivyo, lina upungufu wake: pasipo maelezo ya familia, kizazi kijacho kitaona rangi tupu.

Swali la kisera, basi, ni namna ya kuhifadhi bila kufunga. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mwaka 2017, amri ya rais iliwakataza wanawake kuzipiga na kuyaweka maonyesho yake chini ya idhini ya serikali. Kwa kuwa ruwaza za vikapu zimo mikononi mwa wanawake, ulinzi wa aina hiyo ungewanyima urithi wale wale wanaoutunza.

Inapendekezwa kwamba Makumbusho ya Taifa ya Gitega na Musée Vivant ya Bujumbura zirekodi majina ya ruwaza, wasusi wake na masimulizi ya familia kwa ridhaa yao, huku matumizi ya ruwaza hizo yakibaki huru kwa wasanii wote.