Picha Nzuri ya Mchele, Kuku na Asali kwa Simu Yako Mwenyewe

 

Leo hatuzungumzii mbolea wala viwavijeshi. Tunazungumzia picha. Najua wapo watakaosema picha ni mambo ya vijana na harusi, siyo kilimo. Lakini angalia biashara inavyokwenda siku hizi. Mnunuzi yuko Katoro, Geita mjini au Mwanza. Anataka magunia kumi ya mchele. Zamani alipanda gari akaja kuzunguka mashine kwa mashine. Sasa hivi anatuma ujumbe: "Nitumie picha niuone." Anawatumia hivyo watu watano, sita. Picha zikifika anazilinganisha hapo hapo kwenye simu, halafu anampigia mmoja tu.

Kama picha yako ina giza na mchele unaonekana wa bluu, hupigiwi. Siyo kwamba mchele wako ni mbaya, ila haukuonekana. Mwisho wa siku unamwuzia dalali aliyesimama mlangoni mwa mashine kwa bei anayotaka yeye. Dalali naye anaupeleka kwa yule yule wa Katoro. Hiyo tofauti ya bei ndiyo ada ya mtoto, ndiyo mbegu ya msimu ujao. Kwa hiyo picha ni sehemu ya mavuno, kama vile kukausha na kupembua.

Habari njema ni kwamba huhitaji kununua kamera. Simu yoyote yenye kamera inatosha ukijua mambo machache.

1. FUTA KIOO CHA KAMERA KWANZA

Hili ni dogo lakini ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko yote. Simu inakaa mfukoni, inashikwa na mikono yenye mafuta, vumbi la pumba linaganda. Matokeo yake picha inatoka na ukungu kama imepigwa kwenye moshi. Chukua kitambaa laini cha pamba, kikavu na kisafi, futa kile kioo kidogo cha nyuma. Usifute kwa kidole, unaongeza mafuta. Kama umetoka mashineni, puliza vumbi kwanza ndipo ufute, maana vumbi linakwaruza.

2. MWANGA NDIYO KILA KITU

Huku kwetu hatuko mbali na ikweta. Ikifika saa 6 mchana jua liko karibu utosini. Ukipiga picha muda huo kitu kinatoka na vivuli vyeusi kwa chini na weupe unaochoma macho kwa juu. Kuku anaonekana mgongo tu, kichwa giza.

Muda mzuri ni asubuhi kati ya saa 1 na saa 3, au jioni kuanzia saa 10. Jua linakuja kwa ubavu, rangi zinatoka vizuri.

Kama ni lazima upige mchana, ingia kivulini. Lakini siyo kila kivuli kinafaa. Chini ya mwembe pana madoadoa ya jua yanayopenya kwenye majani, na picha itatoka na mabaka. Kivuli kizuri ni cha barazani au mlangoni mwa nyumba, pale ambapo mwanga unaingia bila jua lenyewe kugusa bidhaa. Simama mgongo wako usizuie mwanga huo.

Ndani ya stoo usitegemee taa ya simu. Ile taa inamulika mbele tu, nyuma kunabaki giza, na mchele unang'aa kama sabuni. Ni bora utoe kiasi kidogo nje ukapige huko.

3. JIHADHARI NA TURUBAI LA BLUU

Hapa ndipo wauza mchele wengi wanapokwama. Tunaanika na kupembua kwenye turubai, na maturubai mengi ni ya bluu au ya chungwa. Kitu cheupe kinachukua rangi ya kilicho jirani yake. Mchele juu ya turubai la bluu utatoka na ububluu kwenye picha, na mnunuzi atadhani ni mchele wa zamani au umelowa. Ukiwa kwenye banda lenye bati la plastiki la kijani, yatakukuta hayo hayo.

Tumia ungo. Kila nyumba inao, rangi yake ya ukindu au mianzi haiharibu weupe wa mchele, na kila mnunuzi anajua kinachowekwa kwenye ungo kimepembuliwa. Gunia la katani lililotandikwa nalo linafaa.

4. KWA NINI MCHELE MWEUPE UNATOKA WA KIJIVU

Simu haijui unapiga nini. Yenyewe inajaribu kila picha iwe na mwanga wa wastani, usizidi wala usipungue. Sasa ukijaza mchele mweupe kwenye kioo chote, inaona "hapa mwanga umezidi" na inapunguza. Mchele unakuwa wa kijivu. Ukipiga kuku mweusi inafanya kinyume chake. Inaona giza, inaongeza mwanga, na kuku mweusi tii anakuwa wa kahawia aliyepauka.

Dawa yake ni rahisi. Gusa kioo cha simu pale bidhaa ilipo. Kwenye simu nyingi itatokea alama ndogo ya jua au ya taa. Telezesha kidole juu kidogo kwa kitu cheupe, chini kidogo kwa kitu cheusi. Linganisha na bidhaa iliyo mbele yako mpaka zifanane. Kugusa huko pia kunaifanya simu ilenge pale pale, picha haitoki na ukungu.

5. SOGEA, USIVUTE

Ukivuta picha kwa vidole viwili, kwenye simu nyingi za kawaida hujasogea, umekata kipande cha picha na kukikuza. Punje zinapoteza ncha. Tembea hatua mbili mbele. Ila usisogee mpaka simu ishindwe kulenga. Ukiona ukungu, rudi nyuma kidogo.

Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni. Piga tatu au nne, chagua moja.

6. ONYESHA KILE MNUNUZI ANACHOKITAFUTA

Picha ya kuuza ni tofauti na picha ya ukumbusho. Jiulize: huyu angekuwa hapa angeangalia nini?

Mchele: Angeangalia chenga, mawe, na urefu wa punje. Basi piga picha ya kiganja chako kimeshika mchele, kwa karibu. Kiganja kinampa kipimo cha ukubwa. Ya pili iwe ungo mzima. Ya tatu iwe magunia yenyewe, yamepangwa yahesabike. Ya nne iwe gunia likiwa juu ya mizani, namba za kilo zisomeke. Usipige gunia la lumbesa ukidhani linavutia. Wakala wa Vipimo wanalikataza, na unajitangaza mwenyewe.

Ukitaka kumaliza ubishi kabisa, rekodi video fupi ya sekunde 20: bambo linachoma gunia katikati, mchele unamwagikia kiganjani. Kila mnunuzi aliyewahi kuuziwa gunia lenye mchele mzuri juu na chenga chini ataielewa hiyo video bila maelezo.

Kuku: Chuchumaa mpaka simu iwe sawa na jicho la kuku. Ukipiga ukiwa umesimama, jogoo wa kilo tatu anaonekana kifaranga. Mwagia mtama kidogo ili watulie sehemu moja. Mnunuzi aone macho maangavu, upanga mwekundu, manyoya yaliyolala, miguu isiyo na magamba yaliyoinuka. Kwenye maelezo andika tarehe ya chanjo ya mwisho ya kideri. Kwa wanaotumia ile ya matone ya jicho inayorudiwa kila miezi 3, piga picha ya daftari la kumbukumbu. Kuku aliyezubaa usimpige picha, mtenge kwanza na umwite mtaalamu.

Mayai: Trei nzima ya mayai 30, kutoka juu moja kwa moja, na nyingine kwa ubavu. Yafute uchafu kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe kwa ajili ya picha, ukiyaosha yanawahi kuharibika.

Asali: Hapa mwanga uwe nyuma ya chupa, siyo mbele. Weka chupa dirishani au kwenye ukuta mfupi asubuhi, nawe simama upande wa pili. Asali itawaka, na mnunuzi ataona kama ni nyeusi, nyekundu au ya dhahabu, na kama imechujwa vizuri.

Nyanya na mboga: Piga asubuhi mara baada ya kuchuma. Onyesha tenga lote mpaka chini, mimina baadhi pembeni. Tenga la juu tu kila mtu ameshalizoea, na hakuna anayeliamini.

7. ONDOA VISIVYOHUSIKA

Angalia nyuma ya bidhaa kabla ya kubonyeza. Ndoo ya maji machafu, nguo kwenye kamba, mbuzi anapita. Chakula kinanunuliwa kwa macho kwanza. Fagia, sogeza, ndipo upige.

Na hapa nitoe tahadhari. Usionyeshe mlango wa stoo, kufuli, namba ya nyumba wala shehena yako yote. Anayetaka kuiba naye ana simu. Kwenye mipangilio ya kamera zima ile sehemu ya kuhifadhi mahali, maana picha inaweza kubeba eneo ilipopigwa. Mtoto wa mtu au kibarua wako usimweke kwenye tangazo bila ridhaa.

8. USICHUKUE PICHA YA MTANDAONI

Wapo wanaochukua picha ya mchele wa Thailand uliong'arishwa na kuandika "mchele wa Kahama". Mnunuzi akija akakuta kitu kingine, anaondoka na jina lako vibaya, na jina la Kahama pia. Mchele wetu una soko lake tayari, watu wanaufuata kwa harufu na ladha. Hauhitaji kuazima sura. Hata zile programu za kung'arisha picha zitumie kwa kiasi: kunyoosha na kuongeza mwanga sawa, kubadilisha rangi hapana.

Ili matapeli nao wasiibe picha yako wakaitumia kudai watu malipo ya awali, weka karatasi ndogo pembeni ya ungo yenye jina la biashara na tarehe, imeandikwa kwa kalamu nzito. Inamthibitishia mnunuzi pia kwamba picha ni ya wiki hii, siyo ya mwaka juzi.

9. KUTUMA NA KUANDIKA MAELEZO

WhatsApp inapunguza ubora wa picha ili isile bando. Kabla ya kutuma bonyeza alama ya HD, au itume kama faili. Ukiweka kwenye status kumbuka inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo wakati wa mavuno weka upya kila asubuhi.

Picha bila maneno inazaa maswali kumi, na mnunuzi mwenye haraka hayaulizi. Andika hivi:

"Mchele supa, mavuno ya mwaka huu, umepembuliwa mawe, chenga kidogo. Magunia 12, kila moja kilo 100 kwa mizani. Uko Nyahanga, Kahama, gari linafika. Bei kwa kilo Sh ...... Kuona kwanza ruhusa."

Hayo maneno matatu ya mwisho yana nguvu kuliko picha zote. Yanamwambia huna cha kuficha.

Kesho asubuhi saa 2, kabla jua halijapanda, chukua ungo na kiganja kimoja cha mchele wako, kaa barazani upige picha kumi. Halafu mpe jirani simu, asiambiwe kitu, aulizwe tu: "Huu ungeununua?" Akisita, muulize anaona nini. Jibu lake ndilo litakaloonwa na yule wa Katoro.

Kila la heri kwenye mauzo, na tukutane shambani.