Mikanda ya Injini katika Pikapu Kuukuu: Tuliyoyaona Shinyanga na Yatufaayo Kisiwani



Msimu wa kuchuma u karibu, na pikapu zetu nyingi ni kuukuu. Leo twataka kusema juu ya mikanda ya injini, kitu cha mpira chenye upana wa kidole tu. Kikikatika njiani saa ya magharibi, na nyuma ya gari mna karafuu mbichi, hasara yake kila mmoja wetu aijua. Karafuu mbichi zikilala guniani usiku kucha hupata moto, huchacha, na zikianikwa hutoka zimesinyaa na kupauka, na pale kituoni hutengwa kando. Bei ya mkanda ni sehemu ndogo tu ya gunia moja la karafuu kavu.

Mwaka jana chama kilinunua pikapu ya dizeli aina ya Hilux, iliyofanya kazi miaka mingi katika nchi ya machimbo, Shinyanga na Geita. Tulikwenda Shinyanga mjini kuichukua. Kwa kuwa kutoka huko mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja, tuliona si busara kuondoka kabla ya fundi kuifungua na kuitazama. Tukakaa gereji siku mbili. Tuliyoyaona humo hayafai kubaki ofisini kwetu peke yetu.

Nchi ile si kama yetu. Mvua yake ni chache, na udongo wake mweusi wa mbuga hunata tairini wakati wa masika, kisha kiangazi hugeuka vumbi. Barabara kubwa zina lami, walakini njia za kwendea mashimoni, upande wa Kahama na Geita, vumbi lake hufunika gari zima. Hata Mwadui, alikogundua almasi Dakta John Williamson mwaka 1940, si mbali na hapo. Magari ya nchi hiyo hayapumziki, na vumbi likiingia kati ya mkanda na puli hufanya kazi ya msasa. Fundi wa huko huona katika mwaka mmoja mikanda ambayo fundi wa kwetu haioni katika miaka mitano. Ndiyo maana tulimsikiliza.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni puli kuukuu aliyoitundika ukutani. Mkanda wa pikapu hizi umekatwa mbavu zake kwa mshazari, juu mpana na chini mwembamba, na puli ina mfereji wa umbo hilohilo. Mkanda hushika kwa mbavu, haushiki kwa tumbo. Kadiri unavyovutwa ndivyo unavyojibana mferejini, kama kabari. Basi mbavu zikiliwa, mkanda huzama mpaka tumbo lake likagusa chini ya mfereji, na hapo hauna tena cha kujibania, huteleza tu. Puli ile ya ukutani chini ya mfereji wake iling'aa kama sarafu mpya. "Bwana Katibu," akasema fundi, "ukiona inang'aa hapa chini, usikaze mkanda. Utoe." Wako madereva wetu wanaokaza mkanda kila wiki wakidhani umelegea, kumbe umekwisha.

Yafaa tujue pia mkanda huo unafanya kazi gani, maana wengi hudhani ni wa feni tu. Unazungusha feni, na unazungusha pampu ya maji inayopitisha maji ya rejeta ndani ya injini. Unazungusha alterneta, ambayo wazee wetu huiita dinamo, inayotia betri umeme. Na katika Hilux nyingi za dizeli, zenye injini za 2L, 3L na 5L, nyuma ya alterneta hiyo imefungwa pampu ndogo inayonyonya hewa, nayo ndiyo inayofanya breki ziwe nyepesi mguuni.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Mkanda ukikatika, pampu hiyo husimama pamoja na alterneta. Dereva akikanyaga breki mara ya kwanza huenda asitambue lolote, kwa kuwa hewa iliyokwisha nyonywa yabaki ya kutosha mkanyago mmoja au miwili. Baada ya hapo pedeli huwa ngumu kama jiwe. Breki zipo, lakini zataka nguvu za miguu miwili. Shinyanga ni nchi ya tambarare, na dereva aweza kuliacha gari likasimama lenyewe. Pemba ni vilima na makona, na pikapu yenye magunia na wachumaji nyuma, ikiteremka mlima bila breki nyepesi, si jambo la kufanyia mzaha. Sisi twaona hii peke yake ni sababu ya kutosha kuubadili mkanda kabla haujakatika.

Dalili ya mkanda kukatika ni taa nyekundu yenye picha ya betri, inayowaka gari likienda. Dereva aliyezoea taa mbovu huipuuza na kusema atatazama akifika. Huko ndiko injini zinakofia. Pampu ya maji imesimama, na injini yaweza kuchemka kabla hajafika kijiji cha pili; ikichemka, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Taa ikiwaka, simama kando, zima injini, funua boneti. Ukikuta mkanda upo na umekaza, ubovu ni wa umeme. Ukikuta haupo, usiende hata nusu kilomita. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ingali moto, kwani maji yale huruka na kubabua uso.

Mkanda mbovu haufichi hali yake kwa mwenye kuutazama. Zima injini, uache ipoe, kisha upinde mkanda kwa vidole uone tumbo lake. Nyufa za kukingama, nyuzi zilizochomoza pembeni, mbavu zilizong'aa kama kioo, au mpira uliovimba na kulainika kwa mafuta, lolote kati ya hayo latosha. Mlio mkali asubuhi gari linapowashwa ni dalili ya kuteleza. Desturi ya kupaka sabuni ili mlio ukome tumeikuta bara na tumeikuta hapa kwetu. Hunyamazisha kwa muda na haiponyi kitu.

Sasa kuubadili. Kazi hii mwenye gari aweza kuifanya mwenyewe kwa spana mbili tatu na subira. Injini iwe baridi, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Legeza bolti ya alterneta ile inayoishikilia kwenye injini, kisha ile ya kwenye mkono wa kukazia, uisukume alterneta kuelekea injini. Mkanda utalegea na kutoka. Upitishe juu ya mapanga ya feni, moja baada ya moja. Ikiwa mbele yake kuna mkanda wa stelingi au wa kipoza hewa, huo utoke kwanza. Mkanda ukiwa mzito kutoka, usiuchokonoe kwa bisibisi, wala ule mpya usiulazimishe kuingia kwa bisibisi. Ndani ya mpira mna nyuzi, nazo ndizo zinazobeba kazi yote. Zikikatika mbili tatu hazionekani kwa nje, na mkanda mpya utakatika kabla ya mwezi, kisha alaumiwe muuza duka.

Kabla ya kutia mpya, zungusha kila puli kwa mkono. Ikikoroma au ikicheza, beringi imekwisha, na mkanda mpya hautadumu juu yake. Futa mifereji kwa kitambaa kikavu. Kwetu kisiwani, penye unyevu na hewa ya chumvi, sharti itazamwe kutu pia, kwa kuwa mfereji wenye kutu hula mkanda kuliko vumbi la Shinyanga.

Kisha valisha mkanda, uivute alterneta nje kwa kipande cha mti, ukiegemeza mti penye chuma imara. Usiuegemeze kwenye ganda la alterneta, maana ni laini na hupasuka. Kaza bolti. Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya sehemu yake iliyo ndefu: ukishuka kiasi cha sentimeta moja hivi, umekaa vizuri. Ukizidi, utateleza. Usiposhuka kabisa, umekaza mno, na beringi za pampu ya maji na za alterneta ndizo zitakazolipa. Mwisho washa injini dakika kumi, zima, iache ipoe, upime tena. Na baada ya siku mbili tatu za kazi upime mara nyingine, kwa kuwa mkanda mpya hunyooka kidogo ukishaanza kazi. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanaoiacha.

Penye mikanda miwili inayokwenda sambamba, kama katika Land Cruiser nyingi, ibadilishwe yote miwili kwa pamoja hata kama mmoja wapo bado mzuri. Fundi alitutolea mfano wa makarasha ya Geita, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, ambazo huvutwa na mikanda mitatu au minne kwa pamoja. Wenye makarasha walijifunza kwa hasara: mkanda mmoja mpya ukichanganywa na wa zamani walionyooka, ule mpya hubeba mzigo wote peke yake na hukatika.

Katika kununua, chukua mkanda wa zamani dukani, usome namba yake. Mathalani 13x1000 maana yake upana milimita 13 na urefu milimita 1000. Kama namba imefutika, zungusha uzi kwenye puli zote, upime uzi. Mkanda uliokaa juani dirishani mwa duka usiununue, hata ukiwa katika karatasi yake. Ukunje kidogo, na ukiona vinyufa urudishe. Madereva wa Shinyanga huweka mkanda mmoja wa akiba nyuma ya kiti, nasi twashauri desturi hiyo ifuatwe. Uwekwe umeviringwa kwa ulegevu, usipindwe kwa nguvu. Kamba au kipande cha tyubu kilichosokotwa chaweza kumfikisha mtu kijijini kwa mwendo wa pole, lakini asikitumainie mlimani.

Limebaki jambo la mkanda wa ndani, uitwao mkanda wa taimingi, nao ni habari nyingine kabisa. Huu hauonekani, umefunikwa mbele ya injini, una meno, na kazi yake ni kuzifungua na kuzifunga valvu kwa wakati wake. Injini tulizozitaja za Hilux zinao, na injini ya 1HZ ya Land Cruiser inao. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na matengenezo yake huweza kukaribia bei ya injini nyingine. Haulii wala hautoi dalili. Hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita, nayo ni 100,000 kwa injini hizo, na mbele ya dereva kuna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka hesabu hiyo ikitimia.

Taa hiyo lakini haiujui mkanda. Inahesabu kilomita tu, kutoka katika mita ya gari. Mita ikiwa imekufa, au imerudishwa nyuma na muuzaji, taa haitawaka kwa wakati wake. Pikapu yetu mita yake ilikuwa imesimama, na hakuna aliyeweza kutuambia tangu lini. Tukauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa mwaka gani. Pia hapakuwa na jibu. Kamati ilikubali kwa simu ubadilishwe kulekule, pamoja na tenshena yake na sili za mafuta zilizo karibu. Gharama ilikuwa nzito, nasi hatujutii. Mkanda uliotolewa ulikuwa umepoteza meno mawili. Kazi hii asiifanye mtu asiye fundi, kwa sababu puli zina alama zinazotakiwa kulingana, na jino likikosewa injini yaweza kuharibika. Mwenye kununua pikapu kuukuu bila ushahidi wa maandishi, ahesabu kwamba mkanda wa taimingi haujabadilishwa.

Gari letu kisiwani huenda kilomita chache, na nje ya msimu hukaa bandani miezi. Mwanachama asidanganyike kwa uchache wa kilomita. Mpira huzeeka hata usipotembea, na panya hupenda kulala juu ya injini. Gari lililolala tangu msimu uliopita lifunuliwe kabla ya kuwashwa.

Chama kitaagiza mikanda ya nje kwa pamoja kutoka Dar es Salaam kabla ya msimu. Mwanachama atakaye kuagiziwa alete ofisini namba ya mkanda wake, aina ya gari na aina ya injini, na aseme kama mikanda ni mmoja au miwili. Asiyejua namba aje na mkanda wenyewe au uzi aliopimia, na karani ataupima.