Dau la Mnyonge Nalo Lipate Pa Kutia Nanga

Wahenga wetu walisema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Hawakusema hivyo kwa kumkatisha tamaa mnyonge, bali kwa kumzindua mwenye uwezo akumbuke kuwa bahari ni moja, upepo ni mmoja, na kila chombo kinachotoka asubuhi hutaka mahali pa kurejea jioni. Leo tumeona inafaa tuizungumzie haja hiyo ya mahali pa kurejea, kwani imeanza kuwa mashaka katika pwani zetu, na mashaka yasiyotazamwa mapema huzaa ugomvi.

Hivi karibuni tulisimama katika kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini ya Unguja wakati maji yanajaa. Mbele yetu zilielea boti za starehe nyeupe, nyingine za matanga na nyingine za mashine, kila moja imefungwa katika boya lake. Nyuma ya boti hizo, karibu na mawe, zilisongamana ngalawa na mashua za wavuvi. Mzee mmoja, ambaye ameishi kwa bahari tangu utotoni, alituonyesha kwa kidole pale alipokuwa akitia nanga tangu zama za baba yake. Pana boya la mtu mwingine sasa. "Sikufukuzwa, wanangu," alituambia. "Nilirudi kutoka kuvua, nikakuta pamejaa." Tuliyatafakari maneno hayo njia nzima. Mtu aweza kupoteza haki yake bila ya kupigiwa kelele, bila ya barua, na bila ya kumjua aliyemwondolea.

Wageni wanaokuja kwa matanga si wapotofu kuzichagua bahari zetu. Upepo wa kaskazi huvuma tangu mwezi wa Disemba hata Machi, na kusi huanza kiasi cha Aprili na kuendelea hata Septemba. Baina yake huwa na tanga mbili, wakati upepo haujui uelekee wapi. Utaratibu huu ndio uliowaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi karne kwa karne, na ndio uwaletao leo mabaharia wa starehe. Tena visiwa vyetu vimo katika digrii chache tu kusini mwa ikweta, kando ya njia ya kawaida ya vimbunga vinavyoisumbua Madagaska na Msumbiji. Basi mwenye chombo akitafuta maji mazuri na salama, ni kawaida ayaelekeze macho yake huku.

Lakini je, akifika atafunga wapi? Katika nchi zilizozoea jambo hili, ziko bandari maalumu za boti za starehe, ambazo wenyewe huziita marina. Chombo hupewa nafasi yake gatini, maji matamu, umeme, na mlinzi. Ufaransa, kwa mfano, ilianza kuijenga Port Camargue mwaka 1969, na leo bandari hiyo ina nafasi zipatazo 5,000. Katika pwani ya Adria, kampuni ya ACI iliyoundwa mwaka 1983, wakati Kroatia ingali sehemu ya Yugoslavia, ilitandaza zaidi ya bandari 20 za namna hiyo. Hata hivyo, ugumu haukumalizika. Mahali panapopendwa sana, kama visiwa vya Baleari vya Hispania, mwenye boti huandikisha jina lake na kungoja miaka kabla ya kupata nafasi ya kudumu. Na mpita njia wa mwezi wa Agosti asiyejitayarisha mapema hulala nje ya bandari akiyumbishwa na mawimbi usiku kucha. Kwa hiyo asitokee mtu akatwambia kuwa tukijenga gati moja basi tatizo limekwisha. Nafasi huvuta vyombo, na vyombo hutaka nafasi nyingine.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba bahari yetu si bahari yao. Katika Bahari ya Mediterania maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo mno, hata chombo huweza kufungwa tezi gatini na omo ikashikwa kwa nanga au kamba ya chini, kikakaa hivyo majira yote. Kwetu, wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji makuu na maji makavu hukaribia mita nne. Mgeni akifunga kamba zake fupi maji yakiwa yamejaa, baada ya saa sita atakikuta chombo chake kimening'inia kama samaki kwenye mshipi. Akitia nanga juu ya fungu bila ya kuuliza, atapwelewa na kulala ubavu. Mashua zetu zimejengwa kwa kulijua hilo. Nyingi hukaa juu ya mchanga maji yanapokupwa, na hapo ndipo fundi hupata wasaa wa kuzikalafati na kuzipaka shahamu. Chombo cha kigeni chenye mkuku mrefu hakiwezi hayo. Bandari yoyote ya boti itakayojengwa hapa haina budi iwe na gati zinazoelea, zipandazo na kushuka pamoja na maji, na iwekwe penye kina cha kutosha hata siku ya maji makavu kabisa.

Kwa mwenye chombo, awe mwenyeji au mgeni, tungependa kutoa nasaha chache. Kwanza, akipime chombo chake kwa hakika: urefu, upana, na kina kiingiacho majini. Katika bandari nyingi ada hukisiwa kwa urefu, na chombo cha mikuku miwili hutozwa zaidi kwa kuwa hujaza nafasi pana, kama ijazavyo ngalawa kwa mirengu yake. Pili, aitazame nafasi anayopewa wakati wa maji makavu ya bamvua, si wakati wa maji kujaa ambapo kila kitu hupendeza. Tatu, aulize upepo. Mahali palipo shwari wakati wa kusi huenda pakawa hapakaliki wakati wa kaskazi, na mvuvi wa kijiji atamjulisha hayo bure kuliko ramani yoyote. Nne, aulize ada yake inajumlisha nini: maji, umeme, ulinzi, utupaji wa taka, au kamba tupu. Tano, boya lisiaminiwe kwa rangi yake. Kinachoshika chombo ni kile kilicho chini, nacho ni mnyororo na jiwe. Aulize vilikaguliwa lini. Na aliyetoka ng'ambo apandishe bendera ya manjano, afike kwanza penye maofisa wa afya, uhamiaji, forodha na bandari, kisha ndipo azungumze habari ya kutembea.

Usalama si jambo la kuchezewa. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Vyombo vingi vilivyokuwa bandarini vilizama au kutupwa pwani, na mikarafuu ikang'olewa mashamba kwa mashamba. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, jirani yetu wa kusini. Ni nadra, ndiyo, lakini nadra si kamwe. Anayegawa nafasi za boti bila ya kufikiri chombo gani kitakimbilia wapi siku ya dharuba, anawagawia watu msiba.

Kuna na jambo la chini ya maji, ambalo jicho halilioni upesi. Nanga inapoburuta huyavunja matumbawe na kuzing'oa nyasi bahari, na humo ndimo samaki wazaliwamo. Serikali ya visiwa vya Baleari ilitoa amri mwaka 2018 ya kuzilinda nyasi za posidonia, ikakataza kutia nanga juu yake. Sisi nasi tunayo maeneo ya hifadhi: Menai kusini mwa Unguja tangu mwaka 1997, Misali kule Pemba tangu mwaka 1998, na mengineyo. Mvuvi ameombwa aache nyavu haramu, na wengi wameacha. Haitakuwa haki mvuvi azuiwe na wavu wake, huku nanga ya boti ya starehe ikilima juu ya matumbawe yale yale. Maboya ya umma yaliyotiwa kwa mpango, nje ya matumbawe, yangewafaa wote wawili.

Hapana anayebisha kuwa wageni hawa wana kheri yao. Chombo kimoja cha matanga hutaka fundi wa mashine, mshonaji wa matanga, mlinzi, muuza maji, muuza samaki na matunda. Mafundi wa Nungwi, ambao sifa yao ya kuunda vyombo inajulikana pwani nzima, wangeweza kupata kazi ya kutengeneza vyombo vya kigeni pamoja na vyetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mithali hiyo ina masharti: mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni amekaa katika kitanda chake?

Ndiyo maana tunawageukia viongozi wenye dhamana. Kwa Sheria ya mwaka 1992 ya umilikaji wa ardhi, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, imo katika dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Hispania nayo, kwa sheria yake ya pwani ya mwaka 1988, iliitangaza pwani kuwa ya umma, na mwenye kujenga bandari ya boti hupewa ruhusa kwa muda maalumu. Si jambo geni, basi, wala si uadui kwa mwekezaji, kuweka wazi kwamba pwani hukodishwa, haiuzwi. Na kwamba muda ukimalizika hurejea kwa wenyewe.

Tangu mwaka 1997 tunalo Shirika la Bandari, tangu mwaka 2009 tunayo sheria iliyounda Mamlaka ya usafiri baharini, na tangu mwaka 2020 tunayo Wizara yenye jina la Uchumi wa Buluu. Vyombo vya kazi vipo. Kinachotakiwa ni utaratibu ambao mtu wa kijijini ataufahamu. Kabla ya boya la kwanza kutiwa, vihesabiwe vyombo vya wavuvi wa pale, na nafasi zao ziandikwe kwa majina. Daftari la wanaongoja liwekwe wazi ofisini na katika shehia, kila mtu aone nani wa kwanza na nani wa mwisho. Ada ziwe za ngazi, chombo cha riziki kisilipishwe sawa na chombo cha anasa. Njia ya kushukia pwani isizibwe kwa ukuta wala kwa kamba. Na kamati ya wavuvi iwe na sauti wakati wa kupanga, isiitwe tu wakati wa kufungua.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mwenye kuuza sehemu yake ya pwani kwa siri, kisha akaja kulalamika hadharani, hujidanganya mwenyewe. Na mwenye chombo kibovu kilichooza, kinachojaza nafasi miaka na miaka, akiondoe ili mwenziwe apate pa kufunga.

Yule mzee wa kaskazini hakutuomba fedha, wala hakutaka boti nyeupe ziondoke. Alitaka mahali pa upana wa ngalawa yake na mirengu yake. Hatudhani kwamba bahari yote hii, kutoka Nungwi hata Kizimkazi, imekosa nafasi hiyo. Asubuhi tuliyoondoka alikuwa ameshatweka tanga, anaelekea kilindini. Jioni atarejea, na sisi sote, viongozi na wananchi, tunadaiwa jibu la atakapotia nanga.