Chapisha mabango 40 ya sinema, kisha uoshe fremu

Uko na laptopu, unajua kuchora, na kazi hakuna. Karibu, tuko wengi. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na pesa yangu ya kwanza ya kuchapisha ilitoka kwa tisheti za kampeni. Leo nakupa wazo lenye heshima kidogo: bango la sinema, lililochapishwa kwa mkono, nakala 40 pekee.

Sinema gani? Za Marekani achana nazo. Mwaka 2017 ilitoka Thank You for the Rain, ya Julia Dahr wa Norway pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui. Kisilu alishika kamera akarekodi familia yake na shamba lake, na hali ya hewa inavyowachezea. Dhoruba ikaharibu nyumba yake. Mwaka 2015 akafika hadi Paris, kwenye mkutano wa tabianchi. Kwangu hiyo ni klasiki ya Ukambani, hata kama bado ni changa.

Tuseme unaionyesha Mutomo Jumamosi, halafu wiki inayofuata unateremka na lami hadi Kibwezi, Makueni. Kwanza wenye filamu wakubali, na cheti cha KFCB kiwepo. Usiruke hapo.

Sasa bango. Wengi hubandika sura ya mtu na machweo nyuma, basi. Mimi ningeandika MBUA, yaani mvua kwa Kikamba, herufi zijaze karatasi ya manila, jina la filamu likae chini. Rangi mbili tu: nyekundu ya udongo wa huko na nyeusi. Kila rangi inataka fremu yake, na karatasi ikisogea kidogo kati ya ya kwanza na ya pili, herufi zinayumba kama mlevi.

Wavu unavutwa juu ya fremu ya mbao, unapakwa emulsheni, unakauka gizani. Kisha unaweka mchoro mweusi juu yake na kuutoa juani. Palipopigwa na mwanga panakuwa pagumu. Palipofichwa na mchoro panabaki laini, maji yanapaondoa, na hapo ndipo wino utapita. Jua la Kitui ni la bure lakini halina huruma, kwa hivyo jaribu na kipande kwanza. Mimi nilichoma fremu nzima nikipiga stori. Maji hayakutoa hata herufi moja.

Na hayo maji! Filamu ni ya kushukuru mvua, na wewe unanunua mitungi uoshe wavu, mahali watu wanayafuata mbali na punda. Mtu akikuuliza kama bango linastahili, uwe na jibu. Jibu langu ni kwamba wa Mutomo walipe bei ya chini kuliko mtu wa Nairobi, na nakala namba 1 isiuzwe, iende kwa mwenye shamba.

Andaa karatasi 46, maana kadhaa zitaharibika. Zile 40 nzuri ziandike kwa penseli pembeni: 1/40, 2/40, hadi mwisho. Miaka ya 1980 wachoraji wa Ghana walipaka mabango ya sinema za video kwenye magunia ya unga, na baadaye wakusanyaji wa ng'ambo wakayatafuta. Lile lilikuwa moja, limechorwa kwa mkono. Lako linategemea hiyo penseli tu.

Shida itakuja Kibwezi. Zimeisha, na msee mmoja anakwambia, "Nifanyie ishirini zingine, nalipa mara mbili." Kodi unadaiwa. Fremu iko nyumbani, bado nzima. Aliyenunua namba 7 kule Mutomo hatajua kamwe.

Ndiyo maana nasema fremu ioshwe usiku uleule wa kuchapisha, kwa Jik na brashi, kabla hujapanda matatu ya kwenda popote. Mtungi mmoja wa maji uweke kando mapema.