Moto Ukipita Kilimani, Miti Hurudishwaje?

Januari na Februari, nyasi zikiwa zimekauka, moto huenea kwa urahisi kwenye vilima kama Manga, Kiabonyoru na Sameta. Chanzo huwa mara nyingi ni mtu aliyechoma nyasi au takataka za shamba, moto ukamshinda. Ukishazimwa, hubaki kazi ya kurudisha miti kabla mvua ya Machi haijaanza kubeba udongo.

Si kila mti hujirudia. Mkaratusi ulioungua huchipua tena kisikini. Saiprasi haichipui; ikiungua ikakauka, imekufa. Nchini Kanada kuna aina ya msonobari ambayo mbegu zake hufungwa kwa utomvu hadi joto la moto liufungue. Hata huko, moto ukirudi kabla miti michanga haijazaa mbegu, watu hulazimika kupanda kwa mikono.

Kilima kilichoungua kikiachwa hivi hivi, mikaratusi inaweza kukitawala, nayo hunywa maji mengi. Mto Gucha huanzia nyanda za Kiabonyoru, Nyamira, kisha hupita Kisii. Kwa hiyo chemchemi za juu zikipungua, wakazi wa chini nao huumia.

Kabla ya kupanda

Magogo yaliyoungua yasikusanywe yote kwa kuni. Yalazwe kukingama mteremko ili yazuie udongo. Machipukizi ya mikaratusi yaliyo karibu na chemchemi yaondolewe. Mashimo yachimbwe mapema, upana na kina sentimita 30.

Wakati wa kupanda

Subiri ardhi ilowe vizuri, si mvua ya siku moja. Chagua miche yenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 iliyozoeshwa jua. Ondoa karatasi ya plastiki na ukate mizizi iliyojizungusha. Saiprasi ya mbao hupandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, yaani takriban miche 650 kwa ekari.

Usipande saiprasi peke yake. Vidukari vya saiprasi, vilivyoonekana Kenya mwaka 1990, viliua miti mingi. Changanya na podo na miti mingine ya kienyeji, hasa kuzunguka chemchemi.

Baada ya kupanda

Mche unaweza kufa kwa magugu na mbuzi, si kwa kukosa mvua tu. Palilia, zuia mifugo, na mvua za Septemba zikifika, jazia palipokufa. Acha ukanda uliofyekwa kati ya shamba na miti, moto ukose njia.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto katika msitu wa umma bila idhini. Anayeona moshi kilimani amwarifu chifu, naibu wa chifu au ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu mara moja.